Nilimruka, Sikumvuka

Mtu aliyeruka viunzi mbele ya mataifa, bendera yetu ikiwa kifuani, ukimkuta leo hapa Ilongero na kamba ya mbuzi imekatiza njia, haruki. Anaizunguka. Anaifuata kamba hadi kwenye kigingi, anapita nyuma ya kigingi, na kama mbuzi anamwangalia vibaya anamsemesha kidogo, kisha anaendelea na safari yake. Mgeni aliyeambiwa kwamba huyu mama ndiye yule mwanariadha huangua kicheko. Sisi majirani tulishazoea, na tumemwachia jina lake: Mrukaji.

"Dada, hiyo kamba hata kuku anairuka," nilimwambia siku moja.

"Kuku hajastaafu," akanijibu.

Kwa kamba na mabomba ya maji huwa anatania tu. Kwa miguu ya watu ndipo hana utani. Msimu wa alizeti wanawake hukaa uani kwangu kupepeta, miguu wameinyoosha, ungo mapajani, kila mmoja amemzibia mwenzake njia. Mtu mwingine angeomba radhi akapita katikati kwa kunyata. Mrukaji huitazama ile miguu, akageuka, akatoka nje, akazunguka nyumba nzima kwa upande wa zizi na kuibukia mlango wa jikoni, kusudi afike mahali palipokuwa hatua chache tu kutoka aliposimama mwanzo. Akifika anahema, anaomba maji, na hakuna anayemuuliza kitu.

Aliyekulia huku anajua sababu. Ukimruka mtu aliyekaa au aliyelala, hakui. Anabaki vilevile ulivyomwacha. Dawa yake ni moja: urudi umruke tena kuelekea kule ulikotoka, ndipo anafunguka. Kila mtoto wa huku amewahi kusikia bibi akifoka, "Wewe! Umemruka mwenzio! Rudi!" na kila mtoto amerudi mbio. Wengi wetu tuliiacha imani hiyo pamoja na kaptula za shule. Yeye hakuiacha, lakini usije ukamwambia ni ushirikina. Anafuga paka mweusi tititi. Bundi akitua juu ya bati lake anamgombeza kwa kuchafua bati. Aliwahi kumtimua mganga aliyekuja kumuuzia dawa ya kung'arisha nyota, tena alimtimua kwa Kinyaturu, kwa sababu Kiswahili anakiweka kwa ajili ya watu wenye adabu.

"Hili la kuruka watu si ushirikina," huniambia. "Ni adabu. Mtu si kiunzi."

Aliyeifaidi adabu hiyo kuliko wote ni mwenye bucha wa pale sokoni, ambaye naye tunamwita Bucha, tusipoteze majina. Bucha ni mfupi. Meza yake ya kukatia nyama ilibidi ikatwe miguu. Kwa maelezo yake, alipokuwa mtoto wa kutambaa, mama yake alimlaza kwenye kanga pembeni mwa shamba la uwele, na Mrukaji, wakati huo msichana anayejifua kwa mashindano, akatokea kusikojulikana, akamruka kama furushi, akapotelea zake. Hakurudi. Basi tangu nilipoanza kununua nyama pale nimekuwa nikisikia mazungumzo yaleyale.

"Shikamoo mama. Utanirudia lini?"

"Marahaba. Baba yako alikuwa mrefu?"

"Hapana, mama."

"Babu yako je?"

"Naye hapana."

"Basi kawadai hao. Nipe nusu kilo, na usiniwekee mfupa."

Wateja hucheka, Bucha hucheka, hata mimi hucheka. Lakini mara nyingi nilimwona Mrukaji akigeuka mlangoni na kumtazama Bucha kwa jicho la shaka, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama alifunga mlango wa nyumba yake.

Kuruka kwenyewe alifundishwa na miiba. Ng'ombe wa baba yake walilala kwenye zizi lililozungushiwa miiba, na yeye alikuwa mvivu wa kuzunguka hadi langoni (mambo ya dunia haya!), kwa hiyo akawa anaruka. Mguu wa mbele ulipita salama kila siku, maana ulikuwa unaona unakokwenda. Mguu wa nyuma ndio ulirudi umejaa miiba. Akajifunza kuuinua ule wa nyuma, kuukunja pembeni, na kuupitisha kwa heshima kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Kocha wa kwanza kumwona alimuuliza mtindo ule kafundishwa na nani, naye akasema ng'ombe.

Kutoka hapo alipata usemi wake ambao anauchomeka kila mahali: "Mguu wa mbele una macho. Mguu wa nyuma una malezi." Atausema kwa diwani aliyekuja kuomba kura, kwa fundi aliyeezeka vizuri sebule na kulipua choo, na aliwahi kuusema kwangu. Mchumba wa binti yangu alipokuja kujitambulisha, alikuja na suti, kreti ya soda na salamu za kupiga goti. Nilikuwa nimeshalainika. Mrukaji akaninong'oneza jikoni, "Huo ni wa mbele. Ngoja tuone wa nyuma." Wakati wa kuondoka kijana aliwaaga wazee wote, lakini mama aliyemtilia maji ya kunawa na kumpakulia chakula alimpita kama nguzo. "Umenasa kwenye miiba," akasema Mrukaji. Binti yangu aliolewa naye hivyohivyo, na mpaka leo mkwe wangu haagi.

Aliporudi kutoka mashindanoni alifundisha michezo shule ya msingi hapa kijijini kwa miaka mingi. Serikali haikuwa na viunzi vya kumpa, kwa hiyo alivitengeneza kwa mabua ya mtama yaliyolazwa juu ya matofali. Vilikuwa viunzi vizuri. Kasoro yao ilikuwa moja, kwamba vinalika. Mwaka fulani ng'ombe wa jirani waliingia uwanjani wakala mbio nzima siku moja kabla ya mashindano ya kata, na Mrukaji akamwandikia mwalimu mkuu taarifa fupi: "Viunzi vimeliwa. Naomba kibali cha kuruka matofali."

Habari za nje ya nchi huwezi kuzipata kwake kwa mpangilio. Nchi alizofika hazijui kwa majina ya miji. Anazijua kwa chakula. Kuna nchi ya mkate kwenye supu, nchi ya samaki mbichi, na nchi moja ambayo ilimpa viazi asubuhi, mchana na jioni hadi akaanza kuviota. Safari ya kwanza kabisa mama yake alimchomea jogoo, jogoo wetu wa Singida mwenye nyama ya kubishana na meno, akamfunga kwenye kanga na kumtia kwenye begi la viatu vya kukimbilia. Uwanja wa ndege wa huko ofisa akafungua begi, akauliza swali refu la Kiingereza. Mrukaji wakati huo alikuwa na sentensi mbili tu za Kiingereza, akachagua moja. Akasema, "I am fine." Jogoo akachukuliwa.

"Jogoo wangu," husema, "ndiye Mtanzania wa kwanza kutolewa mashindanoni."

Kuna mbio nyingine alipoteza kwa sababu ya malezi mema. Njia ya pembeni yake alipangwa binti wa Mombasa, mdogo wake kwa umri, na binti yule alipoinama kwenye mstari akageuka akamwambia, "Shikamoo dada." Mwanzishaji alikuwa ameshainua bastola. Mrukaji akageuka kumjibu, "Marahaba mdogo wangu, hujambo?" na bastola ikalia katikati ya hujambo. Binti akaenda. Wote wakaenda. Nilimuuliza kwa nini asingesubiri amjibu mwisho wa mbio. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, shikamoo ya mtoto utaiachaje inaning'inia?"

Ukimuuliza alishinda mara ngapi huko nje, alikuwa anajibu neno moja: "Sikushinda." Nasi tukaamini. Kijiji kizima tuliamini kwamba Mrukaji wetu alizunguka dunia akila viazi na kushindwa kwa adabu, na tulimpenda hivyohivyo. Mpaka siku nilipokwenda kwake kuomba mayai ya kuatamisha, nikanyoosha mkono kufungua banda la kuku, nikakuta komeo lenyewe ni duara la chuma, zito, limechafuka, lina maandishi pembeni na picha ya mtu anaruka. Nikalisugua kwa upindo wa kanga yangu. Lilikuwa la rangi ya dhahabu.

"Dada, hii si medali?"

"Ni komeo."

"Dada."

Akageuza ndoo, akaikalia, na akanieleza. Nami nitalieleza kama alivyolieleza, ila bila kuku waliokuwa wanamkatiza.

Ilikuwa fainali, kwenye nchi ya viazi. Yeye alikuwa njia ya tano. Njia ya nne alikuwapo msichana wa nchi hiyohiyo, mrefu, ambaye uwanja wote ulikuwa umekuja kumtazama yeye. Hajui kulitamka jina lake vizuri, kwa hiyo humwita Njia ya Nne. Njia ya Nne alikuwa mbele ya wote. Kwenye kiunzi cha karibu na mwisho akakigonga, akapepesuka, akaanguka upande, mwili wote ukalala kwenye njia ya tano. Mrukaji alikuwa nyuma yake tu, yumo kwenye kasi.

"Ningefanyaje? Nikamruka. Nikaruka na kiunzi cha mwisho. Nikashinda."

Alipopita mstari hakuinua mikono. Aligeuka akarudi mbio kule alikotoka, kwa sababu kila mtoto anajua la kufanya. Lakini watu wa machela walikuwa wameshafika, wameshambeba Njia ya Nne. Mrukaji akaikimbilia machela. Uwanja ukadhani anakwenda kumpa pole mwenzake, ukasimama ukampigia makofi. Akaanza kujipima namna ya kuiruka machela iliyobebwa mabegani mwa wanaume wanne. Kocha wetu akamdaka mkono.

"Unafanya nini wewe?"

"Kocha, sijamrudia!"

Kocha alikuwa mtu wa huku, alimwelewa vizuri kabisa. Akasema, "Najua. Lakini hapa watatufunga." Machela ikapotelea chini ya jukwaa. Jioni wakamvisha medali. Mwaka uliofuata alisikia kwamba Njia ya Nne alivunjika kifundo cha mguu na hakukimbia tena.

"Hakukua," akaniambia, bado amekalia ndoo. "Mbio zake zilibaki palepale nilipoziacha. Mwalimu, mguu wangu wa mbele uko hapa Ilongero. Wa nyuma bado uko kule, juu ya yule binti."

Nilijiandaa kucheka, maana ndiyo kawaida yetu. Nikamtazama usoni, nikaona haya, nikachukua mayai yangu nikarudishia komeo.

Mwaka huu goti lake la kulia limechoka. Lilianza kulia kama mlango, halafu likavimba. Akaenda mjini hospitali, na jioni yake bodaboda haikumshusha kwake, ilimshusha kwangu. Aliingia bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Daktari atanipasua goti. Anasema nitatembea vizuri sana, ila kuruka nisahau moja kwa moja."

"Sasa dada, wewe si huruki hata kamba ya mbuzi?"

"Nimemwambia anisubiri. Nina mruko mmoja umebaki, na si wangu." Akanivuta mkono. "Wewe ulifundisha Kiingereza sekondari. Nitafutie yule mtu."

Kumtafuta haikuwa kazi ndogo. Jina alilonitajia alikuwa amelihifadhi kwa miaka yote hiyo kwa namna yetu, amelitia irabu kila mahali ili lisimkwame kooni. Nikaliandika kwenye simu kama alivyolitamka, nikaletewa dawa ya kikohozi. Nikaondoa irabu moja, nikaletewa jibini. Nikaondoa mbili, akaja golikipa. Bucha, ambaye tulimshirikisha kwa sababu bucha lake lina mtandao mzuri, ndiye aliyeshauri tuziondoe zote, akaja mama mwenye mvi, anafundisha watoto kuogelea, na chini ya picha yake maneno kwamba zamani alikuwa mwanariadha wa viunzi. Mrukaji akaishika simu kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema. "Kazeeka vizuri."

Nikamwandikia. Akajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, maana si lugha yake wala si yangu: anamkumbuka, atafurahi kumwona, tumpigie kwa video siku atakayokuwa nyumbani.

Siku yenyewe tulikuwa uani kwangu alasiri, upepo ukipeperusha maganda ya alizeti. Mrukaji alivaa raba na akafunga kanga kiunoni. Sura ya Njia ya Nne ilipotokea wakatazamana muda. Kisha Mrukaji akaniambia, "Mwulize urefu wake."

Nikauliza. Akacheka, akasema milango yote ya nyumba yake ilibidi iongezwe urefu.

"Si unaona!" akasema Bucha. "Haikumdhuru. Iliyodhuru ni yangu."

"Kimo si mbio," Mrukaji akamkata. "Mwalimu, mweleze."

Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kupewa tafsiri ngumu kama ile. Nilisema, anataka kukuruka kurudi. Akakunja uso. Nikasema, kwa sababu hukukua. Akazidi kuukunja. Basi nikaacha kutafsiri, nikaanza mwanzo: mtoto amelala kwenye mkeka, mwingine anamruka, bibi anafoka, mtoto anarudi. Nikaeleza machela. Nikaeleza kwamba makofi yale yote uwanja ulimpigia mtu aliyekuwa anatafuta nafasi ya kumruka mgonjwa.

Yule mama hakucheka. Akauliza, "Na kama hakurudi, aliyerukwa anakuwaje?"

"Anabaki vilevile alivyoachwa."

Aliangalia pembeni. Halafu akasema taratibu kwamba ni kweli. Kwamba kwa miaka mingi, akifua, akipika, akiendesha gari, alikuwa bado amelala pale kwenye njia ya tano, na hakuwahi kupata neno la kumweleza mtu. Nikamtafsiria Mrukaji. Akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi nalala chini," ikasema simu. "Kichwa kielekee wapi?"

Ubishi ukaanza. Mrukaji alitaka sawasawa na siku ile. Njia ya Nne alikumbuka kwamba kichwa kilikuwa upande wa ndani ya uwanja, na ndani ya uwanja wangu ni upande wa kisima, kwa hiyo simu tukailaza chali juu ya mkeka, upande wa juu wa skrini ukielekea kisimani. Kule kwake akalala kwenye zulia la sebuleni, simu yake ameishikilia juu ya uso. Tuliiona dari ya kwake kwa sekunde, kisha uso wake, umelala, unasubiri.

Nilimshauri Mrukaji, kwa kuhurumia goti, aivuke simu tu, hatua moja, yaishe.

"Nilimruka," akasema, "sikumvuka."

Akarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa jiko, upande wa kule alikofikia siku ile, ili aruke kuelekea alikotoka. Tulipogeuka kuangalia mkeka tulimkuta Bucha amelala ubavuni mwa simu, mikono kifuani, macho ameyafumba kama maiti mwenye furaha.

"Bucha, toka hapo!"

"Sitoki mama. Nafasi kama hii haiji tena."

"Who is that?" ikauliza simu.

Nikasema ni jirani, ana shauri kama lako. Njia ya Nne akacheka mpaka dari ikatikisika. "Mwache," akasema. "Mwambie sote wawili."

Mrukaji alimtazama Bucha kwa lile jicho lake la mlangoni, la shaka, kisha nikaona shaka ikimtoka. Akakunja kanga. Hatua zake za kwanza zilikuwa za mama anayekwenda kuteka maji. Za katikati sikuzifahamu. Zilikuwa za mtu mwingine. Mguu wa mbele ukapita, na mguu wa nyuma, wenye goti bovu, ukainuka, ukajikunja pembeni, ukapita juu ya simu na juu ya tumbo la Bucha bila kugusa hata kifungo cha shati. Miguu yote miwili ilikuwa hewani. Nalitolea ushahidi hilo popote mtakaponiita.

Alitua, akapepesuka, akaushika mkono wangu, akaubana hadi ukauma. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. Chini kwenye mkeka hakuna aliyejitikisa, si Bucha, si yule mama wa mbali. Walikuwa wanangoja ruhusa.

"Inukeni," akasema Mrukaji. "Inukeni wote."

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini Njia ya Nne alikuwa ameshasimama.